Fundi Rachid na Mita ya Sita

Pale Ruashi, pembezoni mwa Lubumbashi, kwenye barabara ya vumbi jekundu inayopita karibu na machimbo, kulikuwa na fundi wa mbao aitwaye Rachid, na kila aliyewahi kumwagiza kitanda alijua mambo mawili juu yake. La kwanza, kazi yake haikuwa na dosari: mlango wake ulifunga, droo yake haikugoma, meza yake haikuchezacheza hata ukiiweka kwenye sakafu ya udongo. La pili, hakuweza kutengeneza kitu kama alivyoambiwa. Ukitaka kiti chenye mgongo ulionyooka, atakusikiliza kwa adabu zote, atakuuliza habari za watoto, atakupa siku ya kuja kuchukua, na siku hiyo utakuta kiti chenye mgongo uliolala kidogo, kwa kuwa alishakutazama ulivyokaa akaona mgongo wako mwenyewe haujanyooka. Cha kuudhi ni kwamba kiti hicho kingekufaa.

Babu yake alikuja kutoka Kasongo, kule Maniema, na sanduku la misumeno na randa, na ufundi haukutoka tena katika ukoo huo. Rachid alikuwa na miaka hamsini na minne. Mkewe, Habiba, alishona vitambaa vya makochi katika ua uleule, cherehani yake ikitazamana na benchi la mumewe, na kwa miaka ishirini na minane alikuwa amemwona akisahihisha mawazo ya wateja, ya mafundi wenzake, na yake yeye Habiba. Aliacha kubishana naye zamani. Siku hizi alikuwa akikohoa tu.

Commandant Stanislas alifika kwenye karakana hiyo mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mtoto wa mfanyakazi wa reli wa kaskazini mwa Katanga, na kwa miaka thelathini alikuwa amerusha ndege ndogo za mizigo nchi nzima. Baada ya kustaafu alifungua shule ya urubani kwenye kiwanja cha nyasi nje ya mji. Alikuwa na wanafunzi wanne na ndege moja ya viti vinne, ambayo kwa umri ingeweza kuwazaa wanafunzi wote hao. Shida yake ilikuwa hii: wanafunzi waliketi mbele ya mita zile za duara, wakaduwaa, na wakati wameduwaa injini ilikuwa inakunywa mafuta. Alitaka ubao wenye mita sita za mbao, ukubwa sawasawa na za ndege, zenye sindano za kuzungushwa kwa nyuma, ili mtu ajifunze kuzisoma huku amekaa kwenye kiti cha kawaida, hapa chini.

Rachid aliipenda kazi hiyo hata kabla hajaielewa. Hakuwahi kupanda ndege, lakini kitu chenye miduara sita na siri kwa nyuma kilimtosha. Alisema hawezi kutengeneza asichokijua, kwa hiyo aelezwe kila mita inafanya nini. Stanislas akatoa picha, akaeleza.

Mita ya mwendo inapata habari zake kwenye kijibomba kilichochomoza kwenye bawa. Upepo ukiingia kwa nguvu, sindano inapanda. Mita ya kimo ina kikopo cha bati ndani, na kikopo hicho kinavimba kadiri hewa ya nje inavyopungua. Hapo Rachid akauliza kama sindano inakaa kwenye sifuri ndege ikiwa chini, na akaambiwa hapana, Lubumbashi yenyewe iko juu, ndege ikiwa imeegeshwa kwenye nyasi sindano inaonyesha futi elfu nne na mia tatu. Habari hiyo ilimpendeza mno. Kwa mwezi mzima alikuwa anawaambia wateja kwamba wanaishi angani bila kujua.

Mita ya kupanda na kushuka, ambayo marubani huiita vario, inachelewa kusema: ndege imeshaanza kushuka, yenyewe ndiyo inashtuka. Rachid alisema ana shemeji wa namna hiyo, anayecheka wakati wenzake wameshahamia hadithi nyingine. Kulikuwa na mita ya uelekeo, na mita ya kona yenye kigololi chini yake, na hizo nazo alizielewa bila taabu.

Iliyobaki ni ya sita, ambayo Stanislas aliita horizon. Ilikuwa duara lililogawanywa nusu, juu buluu kwa mbingu, chini kahawia kwa ardhi, mstari mweupe katikati, na mbele ya mstari huo kindege kidogo cha rangi ya chungwa. Stanislas akasema hiyo ndiyo mama wa mita zote, kwa sababu rubani akiingia mawinguni haoni nje, na hiyo ndiyo inayomwambia kama ndege imelala sawa au imeinama. Kindege hakisogei, akaeleza. Kinachozunguka ni duara la nyuma. Ndege ikiinamia kulia, mstari unapanda upande wa kulia.

Rachid, ambaye wakati huo alikuwa anapima ubao, akauliza kama amesikia vizuri kwamba ndege imetulia na dunia ndiyo inayoinama. Stanislas akajibu ndivyo, huku akipapasa mifuko kutafuta miwani yake.

Rachid aliacha kupima. Alimtazama mzee wa watu kwa huruma. Dada yake Stanislas alikuwa mgonjwa huko Sakania, safari ya kwenda kumwuguza ilikuwa kesho yake, na mtu aliye katika hali hiyo si ajabu kuchanganya mambo. Miaka thelathini ya ndege, na leo amesahau kipi kinapaa. Rachid akaamua kumsitiri. Angerekebisha kosa hilo kimyakimya, bila kumwaibisha, kama alivyorekebisha migongo ya viti.

Alitumia mbao za mulombwa, vijiti vya magurudumu ya baiskeli na waya za breki, na katika wiki moja na nusu ubao ulikuwa tayari. Hata Habiba aliacha cherehani akaja kuutazama. Sindano zilizunguka bila kelele, namba zilikuwa zimechorwa kwa mkono uliotulia, na kigololi kilikuwa kigololi cha kweli ndani ya mpira wa drip ya hospitali. Katika duara la sita kindege cha rangi ya chungwa kiliinama kulia na kushoto kwa madaha. Dunia, yaani duara la nyuma, alikuwa ameipigilia misumari minne.

Safari ya Sakania ilikusudiwa iwe siku kumi. Ikawa wiki sita, maana dada mtu alipona polepole na kila alipopata nguvu kidogo alimkataza mdogo wake kuondoka. Stanislas akapiga simu: mwanafunzi wake Keren achukue ubao, wenzake waanze kujizoeza wasije wakalala.

Keren alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, aliyefundisha hesabu shule ya msingi asubuhi na kusomea urubani mchana. Alikuja na mwenzake Michée, fundi wa malori, kijana mwenye mabega mapana hadi alipita mlangoni kwa upande. Walitaka kuubeba ubao, lakini Rachid akawaonyesha kwamba vishikio kumi na kimoja vya nyuma vinahitaji mkono uliovizoea. Hivyo mazoezi yakahamia karakana, na Rachid akakaa nyuma ya ubao kama mpiga kinanda nyuma ya kinanda chake.

Wiki mbili hazijaisha, hakuwa tena anazungusha tu. Alikuwa anafundisha. Anashusha mita ya kimo, anachelewesha vario kidogo kama inavyotakiwa, anapunguza mwendo, kisha anauliza kutoka nyuma ya ubao kwa sauti nzito kwamba mwenye ndege anasubiri nini. Mwanafunzi alishika fimbo ya ufagio iliyochomekwa kwenye kigoda, akaisukuma au akaivuta, akasema anachofanya. Aliyechelewa aliambiwa ameshaanguka Kambove na ateremke awapishe wengine. Wateja waliofuata makabati yao walisimama nyuma wakiangalia, na mtaa ukaanza kumwita Commandant wa Mbao. Alikataa jina hilo kwa mdomo, lakini alianza kuvaa kofia.

Ni Keren peke yake aliyepata wasiwasi. Kitabu chao kilikuwa fotokopi ya fotokopi, na picha ya horizon ilikuwa imeiva weusi hadi ungedhani ni sufuria iliyoungua, ila chini yake kulikuwa na sentensi iliyosema mstari ndio unaosogea. Akamwonyesha Rachid. Rachid akaisoma mara mbili, akamrudishia kitabu, akamwambia taratibu kwamba vitabu huandikwa na watu wenye haraka, kisha akainamisha kiganja chake hewani ili binti aone mwenyewe: hiki hapa kinainama, na meza ile imetulia. Keren aliitazama meza. Ilikuwa imetulia kabisa. Habiba akakohoa.

Stanislas alirudi mwezi wa saba, asubuhi zikiwa na baridi ya kuvaa sweta mbili. Rachid alisubiri sifa. Siku ya tatu, saa nane mchana, aliona gari la shule likisimama nje na watu watatu wakishuka bila kuzungumza: Stanislas mbele, Keren nyuma yake akiangalia viatu vyake, na Michée mwisho, rangi ya uso wake ikiwa kama majivu.

Waliyoyaeleza ni haya. Asubuhi ile Stanislas alimpandisha Keren, na walipofika juu akamvalisha kofia yenye kikinga macho kirefu, ile inayomzuia mwanafunzi kuona nje ili asome mita tu. Akainamisha ndege kulia kidogo, akamwambia ainyooshe. Keren akaangalia horizon, akaona mstari umepanda kulia na kushuka kushoto, akauchukulia mstari kuwa ndio mabawa, akasema bawa la kushoto limeshuka, na kwa uhakika wa mtu aliyefanya zoezi hilo mara mia mbili akaizungusha ndege kulia zaidi. Stanislas akashika usukani. Wakajaribu tena, ikawa vilevile. Akadhani binti ana homa. Akampandisha Michée, na Michée, ambaye mikono yake ina nguvu, alifanya kosa lilelile kwa kasi mara mbili, ndege ikalala ubavu, na chupa ya maji ikahama dirisha moja hadi la pili.

Stanislas alisimama mbele ya ubao. Alizunguka nyuma, akashika kishikio, akakigeuza, akatazama mbele. Kindege kikainama kwa madaha.

"Papa Yasmine," akasema mwisho, akimwita kwa jina la binti mkubwa wa fundi kama watu wanavyofanya wakitaka kubaki na heshima, "nani alikuambia kubadirisha hii?"

"Hakuna mutu aliniambia. Niliona mwenyewe."

"Uliona wapi?"

"Commandant, ndege njo inainama. Hapana dunia. Dunia haiwezi kuinama, na kama inainama, hata hii nyumba yangu ingekuwa imeanguka."

Mabishano yalichukua mchana mzima. Stanislas alichora chini kwa chaki, Rachid akachora kando yake. Stanislas alitumia sahani, Rachid akatumia sahani hiyohiyo kumpinga. Wateja wawili na muuza vocha waliokuwa karibu waliombwa maoni, na wote watatu wakamwunga mkono fundi, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kuona ardhi ikipanda upande mmoja. Habiba, bila kuinua macho kwenye mshono, alisema yeye akipanda basi kwenda Likasi huwa anaona miti inakimbia kurudi nyuma. Rachid akamwambia miti haikimbii. Habiba akasema anajua haikimbii, alichosema ni kwamba anaiona inakimbia. Rachid akajibu kwamba macho si fundi. Habiba akarudi kwenye mshono wake.

Jioni ilipoanza kuingia Stanislas alifuta michoro yake ya chaki kwa soli ya kiatu. Alisema hana neno lingine, kesho saa mbili asubuhi fundi aje kiwanjani, wapande pamoja, aone kwa macho yake hayo ambayo si fundi. Alisema hivyo mbele ya Keren, Michée, wateja wawili na muuza vocha. Rachid hakuwa na njia ya kukataa. Alijibu kwamba atakuja, na kwamba atakuja na kifaa chake.

Usiku huo hakumaliza ugali wake wa bukari, na alipoulizwa alisema mboga ya sombe imezidi chumvi. Haikuwa imezidi.

Asubuhi alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya Yasmine, juu yake koti la baridi, kichwani kofia yake ya ualimu, na chini ya kwapa alibeba nivo yake. Ilikuwa nivo ya shaba na mbao, urefu wa mkono, yenye kioo kidogo katikati na povu la hewa linaloelea ndani ya maji ya kijani. Kwa nivo hiyo alikuwa amesawazisha nusu ya milango ya Ruashi, na hakuna kiumbe aliyemwamini zaidi, Habiba akiwemo. Mpango wake ulikuwa rahisi. Ndege itakapoinama, ataiweka nivo mbele ya Commandant, povu litakimbilia upande mmoja, na shauri litakwisha palepale, kifaa kikiwa shahidi.

Stanislas aliketi kushoto, Rachid kulia kwake, Keren nyuma. Ndege kwa ndani ilikuwa ndogo kuliko kabati la nguo la vyumba viwili alilokuwa ametengeneza mwezi uliopita, na mlango wake ulifungwa kwa kitasa ambacho Rachid asingekiweka hata kwenye banda la kuku. Hilo alilisema. Stanislas akawasha injini.

Walipokuwa wanakimbia kwenye nyasi Rachid aliangalia mita ya mwendo, kwa sababu ilikuwa ni mtu anayemfahamu. Sindano ikapanda kama alivyokuwa akiipandisha yeye mwenyewe. Nyasi zikaacha kugonga. Alikaza macho kwenye mita ya kimo, ikatoka elfu nne na mia tatu, ikapita elfu tano, vario ikashtuka baadaye kidogo, na katikati ya hofu yake alipata furaha ndogo ya kuona kwamba alikuwa ameichelewesha kwa kipimo kilekile. Walipofika futi elfu sita alithubutu kuangalia nje. Aliona paa za Ruashi ziking'aa, shimo la machimbo lenye ngazi zake za udongo, barabara nyekundu, na akatafuta ua wake lakini paa zote zilifanana.

Stanislas akamwuliza kama yuko tayari. Rachid akailaza nivo kutoka kulia kwenda kushoto, juu ya dashibodi, akaishika kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alishika ukingo wa kiti, maana upande watakaoinamia ulikuwa wake, na alijua atateleza hadi mlangoni, kwenye kitasa kile.

Ndege ikainama kulia.

Rachid hakuteleza. Hilo ndilo la kwanza lililomshangaza. Alikaa kwenye kiti kama anavyokaa kwenye kigoda chake, akijihisi mzito kidogo tu, kana kwamba ameshiba. Akaangalia nivo. Povu lilikuwa katikati. Akaigonga kwa kidole, kama mtu anavyomgusa mwenzake aliyesinzia mkutanoni. Povu likatikisika, likarudi katikati, likatulia. Aliigeuza nivo, kulia ikawa kushoto. Povu likaenda katikati. Chini ya mita ya kona, kigololi nacho kilikuwa kimekaa katikati.

Ndipo akageuka dirishani. Ardhi ilikuwa imesimama. Nyumba, miti, machimbo, barabara, vyote vilikuwa vimepandishwa upande wake kama vyombo kwenye rafu, na paa za Ruashi zilimkabili usoni. Akarudisha macho ndani. Horizon ilikuwa na mstari uliopanda kulia, sawasawa kabisa na ardhi aliyotoka kuiona.

"Nivo inasema nini?" akauliza Stanislas.

Rachid aliigonga nivo tena. Mzee akarudia swali, bila kejeli, na ndege ikiendelea kuzunguka polepole.

"Inasema tuko sawasawa."

"Na dunia?"

Rachid aliangalia nje kwa mara nyingine, kwa matumaini.

"Dunia njo imeinama," akasema.

Keren huko nyuma alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Stanislas akainyoosha ndege, dunia ikashuka taratibu ikalala mahali pake. Rachid alikuwa ameipakata nivo mapajani. Si kushindwa kulikomuuma. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona povu lile likisema uongo, na sasa alijiuliza juu ya milango yote ile.

Stanislas alimwonea huruma. Akamwambia kwa upole, kwa sauti ya kupita kelele za injini:

"Sikia, Papa Yasmine. Ulikuwa na haki. Ndege njo ilikuwa imeinama, hapana dunia. Lakini mutu mwenye iko ndani hawezi kuisikia mu mwili. Pa kona ya muzuri, kuzunguka kunakusukuma tu pa kiti, mwili inadanganywa, na nivo inadanganywa pamoja nayo. Njo maana tunaweka hii mita. Inakuonyesha dunia vile ungeiona pa dirisha, hata kama nje kuko mawingu tu."

Rachid aliifuta nivo kwa mkono wa koti. Kisha akauliza kwa nini hakuelezwa hivyo tangu mwanzo, na Stanislas akakubali kwamba alieleza vibaya, akili yake ilikuwa Sakania. Lilikuwa jibu la kiungwana, na huenda lingefuatwa na maneno mengine ya kiungwana, lakini ndege ilianza kushuka, hewa ya joto ikaitikisa mara tatu mfululizo, na tumbo la Rachid, ambalo mpaka hapo lilikuwa limevumilia, likaamua kwamba limeona ya kutosha. Alivua kofia yake ya ualimu akaitumia. Keren alimshikia nivo.

Alipotua alikaa kwenye nyasi robo saa, akiigusa ardhi kwa viganja. Nyumbani Habiba alimpa chai ya tangawizi, akamwacha anywe nusu, ndipo akamwuliza nani alikuwa na haki. Rachid akasema wote wawili. Habiba alisimamisha cherehani. Alisema kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kusikia jibu la namna hiyo likitoka kinywani mwake, na akaenda kumpikia samaki.

Mtaani alisimulia vingine. Aliwaambia wateja, na hakuwa anadanganya, kwamba Commandant mwenyewe alikiri huko juu kuwa ndege ndiyo inayoinama. Sehemu iliyobaki ya sentensi hiyo hakuifikisha. Michée, aliyeipata kwa Keren, ndiye aliyeifikisha siku iliyofuata, pamoja na habari za kofia.

Hata hivyo siku hiyohiyo ya tangawizi aling'oa misumari minne. Alitengeneza duara jipya linalozunguka, akakigandisha kindege kwa gundi na skrubu. Kutengeneza lilikuwa jambo dogo. Kazi ilikuwa kusahau. Wanafunzi walikuwa wamezoea kwa wiki nne, na mwalimu wao wa nyuma ya ubao alikuwa amezoea kuliko wote. Kila mkono wake ulipoenda kwenye kishikio cha horizon, ulikwenda kwa njia ya zamani. Siku moja aliwainamisha kulia huku akitangaza kushoto, darasa zima likavurugika, na Keren akamwomba kwa heshima, Papa Rachid, ahamie mbele.

Hivyo akawa mwanafunzi. Keren alikaa nyuma ya ubao, na Rachid akashika fimbo ya ufagio akiwa kati ya Michée na mwingine. Alikosea mara kumi na moja. Alikosea kwa kujiamini, kisha kwa shaka, na shaka hiyo ilimsaidia. Mara ya kumi na mbili alinyamaza kwanza, akafumba macho, akajikumbusha dirisha na paa za nyumba zikimtazama usoni, akafumbua, akasogeza fimbo kushoto. Keren akasema ndege imenyooka. Michée, ambaye alikuwa bado anakosea, alimpigia makofi kwa uchungu.

Mwezi wa tisa mtahini alikuja kutoka Kinshasa. Keren alifaulu kusoma mita zote akiwa amevaa kofia ya kukinga macho, na mtahini aliandika kwamba hajaona mwanafunzi anayetulia namna hiyo kwenye horizon. Michée alifaulu naye, ingawa kwa kutoa jasho. Mtahini alipoletwa kuuona ubao aliuzunguka mara mbili, akauliza umeagizwa kutoka nchi gani, na Rachid akamwambia umetoka Ruashi, futi elfu nne na mia tatu.

Wiki mbili baadaye Stanislas alifika tena karakanani na karatasi iliyokunjwa mfukoni. Alisema ubao umebaki na upungufu mmoja tu, dira ya sumaku, ile ndogo inayokaa peke yake juu ya mita nyingine. Rachid akachukua penseli. Stanislas akaeleza kwamba ndani ya dira kuna duara lenye namba, linaelea kwenye maji, na duara hilo halizunguki kamwe, linatazama kaskazini siku zote. Ndege ndiyo inayolizunguka. Kwa sababu hiyo rubani akigeuka kulia anaona namba zinapita kwa upande asioutarajia, na namba zenyewe zimeandikwa kinyume na zile za mita ya uelekeo.

Rachid aliuliza kama amesikia vizuri kwamba safari hii ni ndege ndiyo inayozunguka, na dira imetulia, lakini macho yanaona dira ndiyo inayozunguka. Stanislas akasema ndivyo hasa. Habiba akakohoa.

Rachid aliweka penseli mezani. Akamvutia Commandant kigoda, akamwomba Habiba chai ya watu wawili, akaenda kufunga mlango wa karakana ili wateja wasiwasumbue, kisha akarudi, akaketi, na kumwomba mzee aanze tena tangu mwanzo, polepole.